Idhini Kutoka Maskati

Nilikuja Maskati kwa wiki mbili, peke yangu, kuchukua maneno machache kinywani mwa baba yangu. Sikuja kutafuta kazi, sikuja kuomba, wala sikuja kuvizia urithi. Nayasema haya mapema kwa sababu huku kila aliyeniona alikuwa na lake la kunidhania. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, mjane, fundi wa nguo mwenye cherehani yake na wateja wake pale Miembeni, na nilikuwa nimempata mtu wa kunioa. Kilichobaki ni idhini ya walii, yaani baba wa kuniozesha.

Baba yangu, Sleyum, alimuoa mama kwa mahari na mashahidi, kisha mwaka wa sitini na nne akaondoka Unguja, mimi nikiwa bado nanyonya. Alimwambia mama atatuma mtu aje kutuchukua. Mama alingoja mpaka akaacha kungoja, na nilipofika umri wa kuolewa hakuna aliyejua kama baba yu hai au kaliwa na papa. Kwa hiyo kadhi aliniozesha yeye mwenyewe kwa mume wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, na mambo yakaenda.

Safari hii mambo yalikataa kwenda. Miaka miwili kabla, mtoto wa baba wa huku Maskati, Yaqdhan, alikuja Unguja kutazama nyumba ya ukoo wao. Akakaa barazani na wazee, akaulizwa habari, akajibu, na kufika magharibi mtaa mzima ukawa unajua kwamba Sleyum yu hai, yuko Maskati, anakula na kunywa. Nilipokwenda kwa kadhi na Msafiri, mchumba wangu, kadhi akakuna ndevu.

"Walii akiwa mbali na hapatikani, mie nnashika pahala pake," alisema. "Sheria inaruhusu. Ntakuuliza neno moja tu, Hamdiya. Babaako anapatikana?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kadhi mwenyewe alikuwa ameushika ili nipite. Msafiri alinibana kidole chini ya meza, maana yake sema hapatikani, tuondoke hapa, nikapike biriani.

"Anapatikana," nikasema. "Ana simu."

Msafiri hakunisamehe kwa muda wa siku nzima, na kwa Msafiri siku nzima ni nyingi. Yeye ni mtu wa Tabora, fundi wa makochi, aliingia Unguja kijana na nyundo yake na hakuondoka tena. Anacheka hata akiumwa jino. "Wewe unatafuta mume au unatafuta baba?" aliniuliza. Nikamwambia natafuta vyote viwili, na yeye kimoja ameshanipa, basi aniache nikatafute cha pili. Hakuelewa. Tangu utotoni niliitwa Hamdiya wa Mwanakheri, jina la mama, kama kwamba mama alinizaa na ukuta. Nilitaka baba aseme mbele ya watu wawili: huyu ni mwanangu, na nampa idhini aolewe. Simu tu ingetosha. Lakini kila nilipopiga ilipokelewa na Nasriya, binti yake wa huku, na Nasriya alikuwa na jibu moja. Nikipiga asubuhi, baba kalala. Nikipiga alasiri, baba kalala. Mtu gani analala hivyo naye si maiti?

Basi nikakata tiketi. Viza alinitolea Yaqdhan, na wala sikumbembeleza sana. Nilimshukuru mpaka nikamtia haya.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka elfu mbili na moja. Nilipotoka uwanja wa ndege joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Yaqdhan alikuja kunichukua na gari lake, kanzu nyeupe, kofia yake ya mazari, marashi mpaka kwenye usukani. Barabara ilikuwa pana, taa njia nzima, magari yanapita kama yanafukuzwa. Pale Al Khuwair akanionyesha wizara anayofanya kazi, ghorofa yake, hata dirisha lake. Hakuniuliza nimesafiri vipi. Nilikuwa na mkoba wa achari, mabungo na mikate ya ufuta, nimeupakata njia nzima usije ukavuja kwenye viti vyake.

Nyumba ilikuwa Ghubra, nyeupe, ukuta mrefu. Nasriya alinipokea kwenye mlango wa jikoni. Alisema ule wa mbele unatengenezwa, lakini sikuona fundi wala nyundo. Akanibusu hewani, shavu lake mbali na langu, akasema chumba cha wageni kina vumbi, kwa hiyo ningelala na Evodia.

Evodia alikuwa mfanyakazi wao, msichana wa Karagwe, Mkristo, rozari yake imening'inia kwenye kitasa cha kabati. Alinipisha kitanda, akatandika godoro chini. Nilipokataa, akanishangaa.

"Wewe ni mgeni, dada," alisema. "Au siyo?"

"Mie mtoto wa hapa," nikamwambia.

Alinitazama, akatazama godoro, akatazama mlango. "Haya," alisema, akazima taa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe asubuhi ya kwanza. Nasriya aliomba nimsaidie Evodia kumwinua Mzee, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umekatwa kwa ajili ya sukari na mwili wake ulikuwa mzito. Ndivyo nilivyomwona baba yangu mara ya kwanza: nimeingiza mikono chini ya kwapa zake. Alikuwa mweupe, pua ndefu, macho makali yasiyo na ugonjwa wowote. Tulipokwisha kumkalisha nikapiga magoti, nikambusu mkono.

"Shikamoo, baba. Mie Hamdiya."

"Marahaba. Wa Mwanakheri?"

"Wa Mwanakheri, na wako."

Aliniangalia miguuni. "Una miguu ya mamaako," alisema. Kisha akageuza uso kwenye televisheni, palipokuwa na mbio za ngamia, akamwuliza Evodia mbona chai haina tangawizi.

Sikukata tamaa. Nilijiambia mzee kaona haya, mpe muda. Siku ya pili nikamweleza nilichokuja nacho, akasema inshallah kesho. Siku ya tatu akasema inshallah kesho. Nilipoanza tena, Nasriya akatokea mlangoni. "Usimchoshe baba," alisema, kwa sauti ile ya kumkemea paka. Na kila siku nilimwinua, nikamwosha kisigino kilichobaki, nikamkata kucha. Mikono yangu ilimzoea haraka kuliko mdomo wake ulivyonizoea mimi.

Sasa nisimulie habari ya kahawa, kwa sababu hapo nilijichimbia mwenyewe.

Kwetu Unguja, nyumba ikipata wageni wa heshima, binti wa nyumba ndiye anayetia kahawa. Mfanyakazi atakoka moto na kuosha vikombe, lakini dele, lile birika la kahawa, hashiki. Dele anashika mtoto wa mwenye nyumba, ili wageni wamwone, wamjue, waseme huyu mtoto wa fulani kakua. Nasriya alipotangaza kwamba Bi Sayyida na wenzake wanakuja alasiri, wanawake wa Kiunguja wote, moyo wangu ulifurahi. Niliona njia. Nikaoga, nikavaa gauni la hariri nililolishona kwa safari hii, nikajipaka wanja, nikaingia jikoni kulichukua dele.

Evodia alinishika mkono. "Dada, usibebe hiyo."

"Kwa nini?"

"Hapa akina madamu hawamimini. Namimina mimi. Ukiibeba utakuwa mimi."

Nilimcheka. Nikaona msichana wa Karagwe anataka kunifundisha adabu ya Waarabu wa Unguja. "Mtoto wa nyumba hakai kitako akahudumiwa mbele ya wageni," nikamwambia. Nikaingia sebuleni, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, nikaanzia kulia kama nilivyofundishwa na mama, aliyefundishwa katika nyumba ya baba yangu huyo huyo.

"Msalkheri," niliwaambia. Hakuna aliyeitikia. Waliendelea na habari ya harusi fulani, mikono yao inapokea vikombe bila macho yao kuja. Nikamtilia Bi Sayyida, akanywa, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akanipa nichukue. Halafu akanitazama kwa mara ya kwanza, kuanzia chini kwenda juu.

"Nasriya, umempata wapi huyu?" aliuliza. "Anatia kahawa vizuri, wallahi. Na kavaa vizuri. Wangu akitia mpaka mazulia yanakunywa."

Hii ndiyo ilikuwa nafasi. Nilisimama katikati ya sebule, nikamwangalia ndugu yangu. Nasriya aliniangalia na yeye. Alikuwa na nafasi ya kusema lolote, na naapa aliwaza, kwa sababu nilimwona anawaza.

"Kaletwa na Yaqdhan kutoka Unguja," alisema.

"Ah! Ndo maana Kiswahili chake safi. Hawa wa bara nnachoka nao. Atakaa?"

"Tunamtazama kwanza," Nasriya akasema, akampitishia sinia ya halua.

Ningeweza kupiga kelele pale pale. Ningeweza kulimwaga dele juu ya lile buibui lake la shanga. Nilirudi jikoni, nikalitua, na Evodia akanivutia kiti. Hakusema nilikwambia. Alinipa maji, akaenda sebuleni kumalizia, na kwa mlango uliokuwa wazi nikasikia Bi Sayyida anauliza kama ninaye ndugu anayetaka kazi.

Usiku ule nilijiambia nisubiri, baba ndiye mwenye neno, hawa wengine ni upepo. Lakini kesho yake baba alisema inshallah kesho, na mimi nikahisi kuta zinanibana. Nikatoka. Nilitaka niuone mji, nimnunulie Msafiri saa, nipumue. Kwetu mtu akitaka kuuona mji anautembea. Nilipita geti, nikashika njia ya maduka ya Ghubra, halafu nikaona nisiishie hapo, nikaendelea kuelekea Khuwair ya Kusini, kando ya barabara kuu, na jua limenikalia utosini.

Ni mji wa watu wengi ambao hawana miguu. Magari mamia yalinipita, ndani yake watu wanazungumza kwa raha, madirisha yamefungwa, na kando ya barabara nzima hapakuwa na mwenye kutembea ila mimi na wafagiaji wa Kihindi waliojifunga vitambaa usoni. Kila gari lilipunguza mwendo kunitazama. Nikafika kwenye duka la saa, mwenye duka akaniuliza "madamu" yangu yuko wapi. Nikamwambia sina. Akanitazama kwa huruma, akaniambia kwa Kiarabu cha kuvunjika nirudi nyumbani kabla polisi hawajaniona. Saa sikununua.

Wakati wa kurudi, gari jeupe likasimama mbele yangu. Akatoka mtu wa makamo, akanisemesha Kiswahili.

"We si yule wa kina Yaqdhan? Unakwenda wapi?"

Alikuwa Saeed, jirani, niliyemwona getini akija kumjulia hali baba. Nikafurahi kumwona, mjinga mimi. Nikamwambia natembea tu.

"Unatembea," alisema. "Ingia garini."

Nikaingia nyuma, nikamshukuru kwa ukarimu. Tulipofika alipiga honi mpaka Yaqdhan akatoka, Saeed akateremsha kioo. "Nimekurudishia mtu wako," alisema. "Nimemkuta barabarani anatoroka. Pasi yake unayo wewe?"

"Ninayo," Yaqdhan akasema. "Ahsante, Saeed. Mungu akulipe."

Na ni kweli alikuwa nayo. Nilimpa siku ya kwanza akaniwekee kabatini. Nilisimama getini kati ya wanaume hao wawili, vumbi mpaka magotini, nikamngoja mtoto wa baba yangu aseme neno moja la kunirudishia uso wangu. Saeed akaondoka. Yaqdhan akanifungulia geti.

"Usitoke bila kuaga," alisema. "Utatutia aibu."

Nililia siku ile, sitaki kudanganya. Nililia chooni, bomba nimelifungulia, kama mke mdogo. Evodia alibisha hodi akaniambia niache kwa sababu Mzee anataka kuinuliwa. Nikaosha uso, nikaenda kumwinua.

Ijumaa baada ya sala, wanaume walikuwa wakija kumwamkia baba katika sebule yao, yenye mlango wake wa nje. Mwanamke haingii pale wakiwepo watu baki. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, wakaja Saeed na Mzee Zahor, mwalimu mstaafu aliyesoma fiqhi Unguja na sasa watu wanamwuliza mambo ya talaka na mirathi. Yaqdhan alikuwepo. Ndege yangu ilikuwa Jumapili. Nikahesabu kichwani: mashahidi wawili, baba yu macho, na mimi sina cha kupoteza. Nikajitanda mtandio vizuri, nikasukuma mlango.

"Assalamu alaykum," nikasema. "Baba, hawa mashahidi. Sema leo. Mie mwanao au si mwanao?"

Yaqdhan akaruka. "Hamdiya, toka nje!"

"Kaa," baba akamwambia. Alisema polepole, na Yaqdhan akakaa.

Baba alinitazama, akaanzia miguuni, hiyo miguu ya mama. Saeed alikuwa ameinamisha macho kwa adabu, Mzee Zahor amesimamisha tasbihi. Kama angesema simjui, ningeanguka pale pale kwenye zulia.

"Nnamjua," baba alisema. "Huyu mwanangu. Mamaake Mwanakheri, nlimuoa kwa ndoa, Mkunazini, kabla ya hawa wote. Shuhudieni. Hamdiya binti Sleyum, mwanangu wa halali, kifungua mimba wangu."

Sijui nieleze vipi. Miaka thelathini na saba, na ilichukua muda wa kumeza funda la maji. Nilipiga magoti nikamshika mkono, nikalia mbele ya wanaume, na sikuona haya. Saeed akainuka, uso umemwiva. "Nisamehe, binti Sleyum," alisema. Binti Sleyum! Nilimsamehe na gari lake. Kwa dakika ile ningemsamehe hata Bi Sayyida.

"Na idhini, baba," nikasema. "Niondoke na radhi zako. Mchumba wangu ananingoja."

"Mchumba nani?"

"Msafiri Mihayo."

"Mihayo?" Baba alilionja lile jina. "Watu wa wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi. Muislamu, anasali, hanywi. Fundi wa makochi."

Baba alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alicheka kama mtu aliyeambiwa jambo lisilowezekana na mtoto mdogo. Akamgeukia Mzee Zahor. "Zahor, weye mtu wa elimu. Mwanangu, huyu nliyemkiri sasa hivi, wa kabila letu, wa nasaba yetu. Na fundi wa makochi wa Tabora. Kuna kufu hapo, wanalingana?"

Mzee Zahor alinitazama. Nadhani alinihurumia, lakini huruma ya mwanachuoni haibadilishi kitabu. "Kufu hakuna, Sleyum," alisema. "Kama walii una haki ya kukataa."

"Basi nnakataa. Shuhudieni na hilo."

"Baba," nikasema, "jana nilikuwa mtu wa kuinua mguu wako. Jana jirani yako kanirudisha kama mtoro, na mwanao kamshukuru!"

"Jana ulikuwa hujawa wangu," alinijibu, kwa upole kabisa. "Ungebaki mtoto wa Mwanakheri ungeolewa na yeyote umtakaye, nani angekuuliza? Umetaka mwenyewe uwe wangu. Haya, umekuwa. Mabinti zangu hawaolewi na kila mtu. Muulize Nasriya."

Yaqdhan hakupoteza wakati. Alimpigia kadhi Unguja pale pale, simu ya mezani, mimi bado nimepiga magoti. Alimweleza kwa Kiswahili kizuri kwamba Mzee amekiri mbele ya mashahidi na amekataa kwa sababu ya kufu, na Mzee Zahor akaishika simu akathibitisha. Kadhi, nasikia, aliuliza kama mimi ni mzima. Wakamwambia ni mzima, niko kwa baba yangu. Kabla ya hapo nilikuwa sina baba lakini nina kadhi. Sasa nilikuwa na baba, na kadhi amefungwa mikono, wala hapana mtu aliyenilazimisha kupanda ndege.

Nilipotoka, Nasriya alikuwa ananingoja upande wa wanawake. Habari zilimfikia kabla yangu. Safari hii shavu lake liligusa langu, pande zote mbili, akaniita dada, akapiga kigelegele kimoja kidogo. Chumba cha wageni kilikuwa kimefunguliwa, shuka mpya, mkoba wangu tayari umo ndani. Vumbi halikuwepo, na sidhani kama liliwahi kuwepo.

"Yaqdhan ataiongeza viza, kwao wizarani anawajua watu," alisema, ananilainishia mto. "Evodia mkataba wake unakwisha mwezi huu. Nlikuwa nnahangaika kutafuta mwengine, lakini baba hapendi mikono ya watu baki. Na weye anakupenda. Mtoto wa kike hamwachi babaake na mguu mmoja, au vipi, dada?"

Niliingia jikoni. Evodia alikuwa anapanga vyombo vyake kwenye sanduku, mapema, kama watu wanaofurahi wanavyofanya. Alinipa pole. Nikamwambia mbona pole, mimi nimepata baba. Akafunga sanduku.

"Mimi nina mkataba, dada," alisema. "Mkataba una mwisho."

Msafiri alipiga jioni ile. Kadhi alikwisha kumwita akamweleza. Nilitegemea atanitukana, na ningemshukuru, lakini alianza kwa kucheka kile kicheko chake, kifupi safari hii.

"Kumbe naoa kwa wafalme," alisema. "Skiliza, Hamdiya. Nimefikiri. Jumapili panda ndege, uje. Tusikae Unguja. Twende kwetu Tabora. Shehe wa kule hamjui baba yako, hajui Maskati wala kufu. Atakuuliza swali moja tu, una walii? Wewe utamwambia huna baba. Neno moja, mpenzi. Sema utalisema."

Pasi ilikuwa kabatini, nilijua kabati gani na ufunguo uko wapi. Tiketi nilikuwa nayo. Nilijiona tayari Tabora, mbele ya shehe nisiyemjua, nasema sina baba, na Msafiri pembeni anajizuia kucheka. Ni neno fupi. Nilikuwa nimelisema kwa vitendo maisha yangu yote. Nikafungua mdomo.

"Hamdiya!" Ilikuwa sauti ya baba, kutoka chumbani kwake. Tangu nije, ukiacha ule ushahidi, hakuwahi kuniita kwa jina. "Mwanangu! Mwanangu, njoo unigeuze, ubavu unaniuma."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, na nikauchukia kwa kuruka. Nilijua anachotaka. Nilijua ni mikono tu. Mtu mwenye akili angelitamka lile neno kwenye simu halafu ndiyo aende kumgeuza, au asiende kabisa, amwache agande na ubavu wake.

"Subiri kidogo," nikamwambia Msafiri.

Niliilaza simu juu ya meza, nikaenda. Nilimgeuza kwa upande wa kulia, nikamwekea mto mgongoni, nikamvuta shuka. "Ahsante, mwanangu," alisema. Nikasimama pale nikingoja alirudie tena. Alikuwa amekwisha kufumba macho.

Niliporudi simu ilikuwa imekatika.